Mwamba Mkali wa Mikindani, kutoka Bildi hadi Rada

Kifaa cha zamani kabisa ninachokijua cha kupimia uso wa mwamba wa pwani yetu ni tonge la risasi lililofungwa kwenye kamba. Mabaharia wa majahazi waliliita bildi. Chombo kikikaribia mlango wa ghuba, nahodha alimweka mtu omoni, naye akairusha bildi mbele, akasubiri kamba ilegee, kisha akaivuta huku akihesabu pima na kupaza sauti ili asikike tezini. Manowari za Waingereza zilikuwa na bildi yao iliyotobolewa kitako na kujazwa shahamu ya mnyama. Bildi ikigusa mchanga, shahamu ilipanda na chembe zake. Ikigusa tope, ilipanda na tope. Ikipanda safi lakini imechubuka, mpimaji alijua chini kuna mwamba, na akiwa mzoefu aliweza kukisia kutokana na yale machubuko kama mwamba ule ni laini au una meno.

Nilifundisha jiografia katika shule za sekondari za mkoa wa Mtwara mpaka nilipostaafu, na siku hizi muda wangu mwingi unaishia kwenye picha za rada zinazopigwa na setilaiti. Vijana niliowafundisha huniuliza mzee wa Mikindani anatafuta nini huko. Natafuta kile walichokitafuta watu wa bildi. Rada haioni rangi, wala haijui kwamba huu ni mnazi na ule ni mkoko. Inachokijua ni ukali wa uso uliopigwa na wimbi lake. Na kwenye mwambao huu, kuanzia Mikindani hadi mdomo wa Ruvuma, ukali wa mwamba umekuwa ukiamua mambo mengi tangu zamani: chombo kifunge wapi, nyumba ijengwe kwa jiwe gani, mama apite njia ipi akirudi na pweza.

Baba yangu alikuwa mwashi, akitengeneza nyumba za mawe za Mikindani zilipoanza kuachia. Kwake yeye mawe yalikuwa ya namna mbili. Lile lililotolewa baharini likiwa bado bichi lilichongeka kwa urahisi, likakauka na kuwa gumu, nalo lilifaa kwa vizingiti na vidaka. La pili lilichimbwa nchi kavu, kwenye mwamba wa matumbawe ya kale ulio chini ya mji na vichaka vyake, na hilo ndilo lililojaza kuta. Kabla ya kulipanga jiwe alilipitishia kiganja. Jiwe lililosuguka kwa maji alilitupa pembeni au akalipiga nyundo litoke meno, kwa sababu chokaa haishiki juu ya uso laini. Chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe hayohayo, yaliyopangwa juu ya magogo na kuchomwa mpaka yakawa unga. Akikuta ukuta wa zamani umebanduka, mara nyingi alionyesha kwa ncha ya mwiko mahali mwashi wa kwanza alipopanga mawe laini, naye alikasirika kweli, kana kwamba mtu yule bado yuko hai na anaweza kusikia.

Mwamba huo uliwahi kuwa hai. Yapata miaka 125,000 iliyopita dunia ilipata joto, barafu ya ncha za dunia ikayeyuka, na bahari ikasimama juu kwa mita kadhaa kuliko ilivyo leo. Matumbawe yaliota huko juu kwenye pwani nyingi za Afrika Mashariki. Bahari iliposhuka yaliachwa kwenye jua, na tangu hapo mvua na manyunyu ya mawimbi yanayachonga. Maji ya mvua yana asidi hafifu inayokula chokaa ya jiwe pole pole, hasa penye ufa. Matokeo yake ni yale majembe na misumari ya jiwe inayokata ngozi ukiteleza. Mahali penye udongo na kivuli cha vichaka jiwe hufunikwa, na mviringo wake hubaki. Penye chumvi na upepo wa kusi, huwa kama mtu amelisaga kwa tupa. Mwamba ni ule ule, lakini hatua ishirini tu zinatosha kukuvusha kutoka kwenye uso wa aina moja hadi kwenye uso wa aina nyingine kabisa.

Mama yangu aliyajua hayo kwa unyayo. Siku za bamvua yeye na wenzake walitoka na ndoo na ufito wa chuma, wakafuata maji yanavyopwa. Hawakutembea hovyo. Njia zao zilipita penye mchanga mwembamba uliolala juu ya mwamba, au penye mwamba ulioota majani ya bahari, wakaziacha zile sehemu zinazokata viatu vya raba. Sehemu hizo mbaya zilikuwa na majina, na mtoto aliyeshindwa kuyataja hakuruhusiwa kwenda mbali na wakubwa. Ninayakumbuka machache. Mengine yamekwenda na waliokuwa wakiyataja, na hasara hiyo inaniuma, maana ile ilikuwa ramani kamili, iliyohakikiwa kila mwezi na watu waliokuwa na sababu nzito ya kutokosea.

Wageni waliokuja kuchora ramani zao walikuwa na haraka. Nahodha William Fitzwilliam Owen wa jeshi la majini la Uingereza alizunguka mwambao wa Afrika kati ya 1822 na 1826 akiwa na manowari Leven na Barracouta, akipima kwa bildi, sekstanti na saa. Homa iliwaua mabaharia wake wengi sana. Waliobaki waliendelea kupima, na kazi yao ikawa msingi wa ramani za bahari zilizotumika kwa miaka mingi baadaye. Ninaiheshimu kazi ile. Lakini ukiangalia ramani yoyote ya bahari iliyotengenezwa kwa bildi utaona kasoro yake: ina tarakimu za kina, na kati ya tarakimu moja na nyingine pana nafasi nyeupe. Ndani ya nafasi hiyo chombo kinaweza kuvunjika.

David Livingstone alizuiwa na pwani yetu na mto wetu mara tatu. Machi 1861 aliingia Ruvuma kwa meli ya mvuke Pioneer, akalazimika kugeuza kwa kuwa maji ya mto yalikuwa yakishuka na meli ilizama ndani kuliko alivyotazamia. Mwaka 1862 alirudi na mashua, akaupanda mto kwa majuma kadhaa mpaka akafika mahali ambapo miamba iliyotapakaa katikati ya maji haikuacha njia. Machi 1866, katika safari yake ya mwisho, alitaka kushukia mdomoni mwa Ruvuma akiwa na ngamia, nyati, punda na nyumbu. Mikoko na tope havikumruhusu. Ikabidi msafara urudi kaskazini na kushuka kwenye ghuba ya Mikindani, yenye ufuko wa kukanyagika, na kutoka hapo wakaanza kwenda bara kwa miguu. Watalii wanapokuja Mikindani huelezwa juu ya Livingstone na juu ya Boma la Wajerumani la 1895, ambalo sasa ni hoteli. Mimi huongeza kwamba aliyemleta hapa ni tope la Ruvuma.

Mjerumani mmoja alitazama mawe yetu kwa makini zaidi. Wilhelm Bornhardt, mhandisi wa migodi, alizunguka kusini mwa koloni kati ya 1895 na 1897 na nyundo yake, akiwa na wapagazi na waongoza njia ambao bila wao asingevuka hata mto mmoja. Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1900. Ndani yake aligawa miamba ya huku kwa tabaka, na mbili alizipa majina ya hapa: tabaka za Makonde na tabaka za Mikindani. Alistaajabia pia milima ya jiwe tupu inayosimama peke yake kwenye tambarare za bara, ya namna ya ile ya Masasi, na leo wanajiolojia duniani kote huiita milima ya umbo hilo kwa jina la Bornhardt. Basi neno wanalolitumia Brazili na Australia wakitazama mlima wa jiwe lina asili katika safari iliyofanywa huku kwetu. Wanafunzi wangu wengi walimaliza shule bila kulijua hilo, kwani halimo kwenye vitabu tulivyopewa. Niliwaandikia ubaoni.

Halafu ikaja karanga. Nitaieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kuogopa picha inayotazamwa kutoka juu tu. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilimtuma John Wakefield na wenzake wawili kutafuta ardhi ya kulima karanga kwa matrekta. Walikaa majuma tisa, na sehemu kubwa ya ardhi waliitazama kutoka ndani ya ndege. Kutoka juu Kongwa, mojawapo ya sehemu walizozichagua, ilipendeza: tambarare, kichaka, watu wachache. Matrekta yalipofika yalikuta udongo ambao kiangazi huwa mgumu kama sakafu, uliojaa chembe za mchanga kali zilizomaliza vyuma vya majembe. Kile ambacho mkulima wa Kigogo angekieleza kwa kusugua udongo kati ya vidole viwili hakikuonekana kutoka angani. Mradi ulianza 1947 na kuvunjwa 1951, na walipa kodi wa Uingereza wakapoteza zaidi ya pauni milioni 36.

Kusini, mashamba yalikuwa Nachingwea, na ili karanga zisafirishwe ikabidi pajengwe bandari na reli. Palipochaguliwa ni Mtwara. Ghuba yake ni ya kina kirefu na imekingwa na rasi ya Msangamkuu, ingawa mlango wake unapinda katikati ya miamba ya matumbawe. Gati la maji marefu lilikamilika 1954, wakati karanga zenyewe zilikuwa zimeshakufa. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Gati lilibaki, mji ukakua kulizunguka, na korosho ikachukua nafasi ya karanga. Mikindani, iliyokuwa kubwa, ikawa kitongoji cha mji uliozaliwa na hesabu mbovu ya watu wa ndege. Hata hivyo uchaguzi wa ghuba ulikuwa sahihi, na sababu yake ni rahisi: bandari haichaguliwi kwa kutazama kutoka juu. Ni lazima mtu ashuke na kupima sakafu ya bahari.

Baada ya vita vya pili, idara ya upimaji ya makoloni iliyoundwa London mwaka 1946 ilipiga Tanganyika picha za angani, na ramani za skeli ya 1:50,000 tulizozitumia darasani zilitokana na kazi ya namna hiyo. Ni ramani nzuri. Lakini kamera inahitaji jua na anga safi, na huku kwetu kuanzia Desemba hadi Aprili mawingu hayaachii. Tena, picha ya kamera inaonyesha rangi na kivuli. Mchanga mweupe na mwamba mweupe wa chokaa vikipigwa na jua la mchana hufanana.

Rada haina shida hiyo. Inatoa mawimbi yake yenyewe, yanayopenya wingu na hayajali usiku, kisha inasikiliza mwangwi. Setilaiti hutazama kwa ubavu. Wimbi lake likikuta uso ulio laini, hurushwa upande wa pili kama mwanga wa tochi juu ya kioo, na chombo hakipati kitu: mahali hapo picha huwa nyeusi. Likikuta uso wenye meno, hutawanyika kila upande, sehemu yake ikarudi kulikotoka, na picha huwa nyeupe. Baadhi ya watu wa mwanzo kuonyesha wazi kwamba hilo linaweza kutumika kupima mkwaruzo wa ardhi hawakuwa na setilaiti. Mwaka 1976 Gerald Schaber na wenzake wawili wa Marekani walichapisha utafiti wa picha za rada zilizopigwa na ndege juu ya Death Valley, bonde la California lenye uwanja wa chumvi. Chumvi ile mahali pengine ni laini kama sakafu, na pengine imefura ikawa na ncha za kutoboa kiatu. Walilinganisha weupe wa picha na urefu wa ncha zilizopimwa chini, wakakuta vinakwenda pamoja.

Jambo la msingi walilolitumia linaitwa kwa jina la mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, nami nalipenda kwa sababu ndilo lile alilolijua baba kwa kiganja. Hakuna uso ulio laini au mkali wenyewe kwa wenyewe. Inategemea urefu wa wimbi linaloupiga. Gawanya urefu wa wimbi kwa 8, sahihisha kidogo kwa ajili ya pembe ya kutazamia, na utapata mpaka. Setilaiti ya Ulaya inayoitwa Sentinel-1 hutumia wimbi la sentimita 5.5 hivi. Kwake, mwamba wenye vijinundu visivyofika milimita 8 ni laini. Rada ya wimbi la sentimita 23.5 itauita laini hata mwamba wenye vinundu vya sentimita 3, ambao unyayo wa mama usingekubaliana nao hata kidogo. Nyayo, mkuku wa jahazi, kiganja cha mwashi, wimbi la rada: kila mpimaji alikuwa na urefu wake, na jibu alilolipata lilitokana na urefu huo.

Wimbi hilo refu ndilo lililotumiwa na Seasat, setilaiti ya Marekani iliyorushwa 27 Juni 1978 ili kutazama bahari, ikafa kwa hitilafu ya umeme baada ya siku 105. Novemba 1981 chombo cha anga Columbia kilibeba rada ya namna hiyo, na picha zake zikaonyesha mabonde ya mito ya kale yaliyofukiwa na mchanga wa Sahara, Misri na Sudani, kwa kuwa mchanga ule ulikuwa mkavu kiasi cha kupitisha wimbi. Mwaka 1994, Aprili na tena Oktoba, Endeavour ilibeba rada ya mawimbi matatu kwa pamoja, la sentimita 23.5, la karibu 6 na la karibu 3. Miongoni mwa mahali ilipopapiga picha ni milima ya Virunga, mpakani mwa Kongo, Rwanda na Uganda, ambako mito ya lava ya Nyamulagira na Nyiragongo imelala mmoja juu ya mwingine. Ukitumia mawimbi tofauti, lava iliyoganda laini hujitenga na ile iliyovunjika mapande, na lava ambayo msitu haujaifunika hujitenga na iliyokwisha kuota miti. Na Julai 2007, ardhi ilipopasuka karibu na mlima Gelai kabla ya Ol Doinyo Lengai kulipuka, rada za setilaiti ndizo zilizopima ardhi ilivyojongea. Pwani ya Waswahili nayo si mgeni katika habari za angani. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti yao mwaka 1967, na 12 Desemba 1970 Wamarekani wakarushia hapohapo setilaiti ya kutafiti nyota waliyoipa jina Uhuru.

Sentinel-1 ya kwanza ilirushwa 3 Aprili 2014, na picha zake hutolewa bure kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti. Ndipo mwalimu mstaafu wa Mikindani alipoweza kuingia.

Ukiifungua picha ya kwetu, kitu cha kwanza kukuvuta jicho ni bandari. Gati, kreni na meli vina pembe za mraba zinazorudisha mwangwi wote, kwa hiyo vinang'aa kupita kiasi. Njia ya ndege ya uwanja wa Mtwara ni mstari mweusi. Mashamba ya chumvi ni vipande vyeusi vya mraba, vimezungukwa na weupe wa mikoko, ambayo mizizi na mashina yake hurudisha mwangwi kwa nguvu. Kusini zaidi, delta ya Ruvuma inaonyesha mikono ya maji na visiwa vya mchanga, na ukilinganisha picha za miaka kadhaa unaona mchanga unavyohama. Mpaka wa Tanzania na Msumbiji unapita hapo. Wajerumani waliiteka Kionga, upande wa kusini wa mdomo, mwaka 1894, Wareno wakairudisha 1916, na mkataba wa Versailles ukathibitisha. Mto wenyewe unaendelea kusogeza mchanga wake.

Mwamba ndio mgumu kusoma. Nilitarajia uonekane mweupe, na mahali pengine ni hivyo. Lakini vichaka vinarudisha mwangwi pia, na wimbi la sentimita 5.5 huishia kwenye majani, halifiki kwenye jiwe lililo chini. Jiwe lililoloa hung'aa kuliko kavu hata mkwaruzo ukiwa uleule, hivyo picha ya Machi na picha ya Septemba hazipaswi kulinganishwa bila kuuliza mvua ilinyesha lini. Bahari yenyewe hubadilika: asubuhi shwari ni nyeusi, kusi likivuma inakuwa ya kijivu na mpaka wake na mwamba unapotea. Yeyote anayechora ramani ya miamba ya Mtwara kwa picha moja tu atachora upepo na mvua ya siku ile.

Lililonisumbua zaidi ni saa. Setilaiti hii imewekwa katika njia inayoifanya ipite kwetu karibu na saa kumi na mbili, asubuhi au jioni, siku zote. Kila mtu aliyekulia pwani anajua kwamba siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne hadi saa tano, asubuhi na usiku. Saa kumi na mbili ya siku ya bamvua maji bado yako juu. Na siku ambazo maji ya kupwa yanaangukia saa kumi na mbili, bamvua limeshapita na maji hayaendi mbali. Kwa hiyo ile sehemu ya mwisho ya mwamba, ambako pweza wako, ambako mama na wenzake walikuwa na majina yao, haifunuki mbele ya setilaiti. Rada haipenyi maji ya bahari hata kidogo. Kinachoonekana hapo ni mstari wa mawimbi yanayovunjika. Nilipoligundua hilo kwa kulinganisha jedwali la maji na saa za picha nilikaa kimya muda mrefu, kisha nikafurahi, maana lilinionyesha mahali hasa ambapo kazi ya watu inaanza.

Kazi hiyo ina kifaa chake: mnyororo. Wanasayansi wa matumbawe wameutumia tangu miaka ya 1970. Chukua mnyororo wa mita 10, uulaze juu ya mwamba ukifuata kila shimo na kila kinundu, kisha pima kwa futi kamba umefika wapi kwa mstari ulionyooka. Juu ya mchanga utafika mita 10 au karibu na hapo. Juu ya mwamba mkali utaishia mapema zaidi. Gawanya, na una namba ya ukali wa mahali pale. Mvuvi hahitaji maelezo marefu kuuelewa mnyororo, na namba hiyo inaweza kuwekwa pembeni ya namba ya rada kwa zile sehemu ambazo rada inaziona.

Chini ya maji mnyororo unasimulia historia nyingine, ya huzuni. Kwa miongo kadhaa baruti ilipigwa kwenye miamba ya Mtwara na Lindi. Baruti huangusha matumbawe yaliyosimama na kuyafanya kokoto, na juu ya kokoto mnyororo unalala karibu kunyooka. Ukali ule ambao mama aliukwepa ndio uliowapa samaki mapango. Mwaka 1997 wavuvi wa kusini waliunda umoja wao, Shirikisho, kupambana na baruti, wakati ambapo aliyemtaja mpiga baruti alikuwa anahatarisha maisha yake. Mwaka uliofuata bahari ilipata joto kupita kawaida na matumbawe yakageuka meupe, hapa na kwenye bahari ya Hindi nzima. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000, eneo la kilomita za mraba 650 hivi. Baruti haikukoma siku ile. Wale wavuvi wa Shirikisho nawahesabu miongoni mwa walinzi wa kweli wa nchi hii, na majina yao yanastahili kuandikwa penye miamba waliyoilinda.

Tarehe 30 Julai 2025 India na Marekani zilirusha NISAR kutoka Sriharikota, setilaiti yenye rada ya wimbi la sentimita 24, litakalopenya vichaka vizuri zaidi na kufika karibu na jiwe. Nayo inapita alfajiri na magharibi, kila baada ya siku 12. Mimi na baadhi ya wanafunzi wangu wa zamani, pamoja na kina mama wanaokwenda pwani, tumeanza daftari la mwamba wa Mikindani na Msimbati. Lina safu tano: jina la mahali kama linavyotajwa na wanaopita hapo, mnyororo umeishia wapi, saa ya kupwa, mvua ya juzi na jana, na rangi ya mahali hapo kwenye picha ya rada iliyo karibu zaidi na siku ile. Safu ya majina ndiyo inayojaa kwa kasi, kwa kuwa wazee wakisikia jina moja hukumbuka mengine matatu. Safu ya mwisho, kwa sehemu zinazofunuka siku ya bamvua peke yake, tunaiacha wazi.